Asubuhi na fundichuma wa Isiukhu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu huwa bado umelala juu ya mto Isiukhu. Mji wetu wa Kakamega uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku hushuka mabondeni ikakaa humo mpaka jua lipate nguvu. Jumamosi, wakati majirani wakifuata ngoma za isukuti kwenda kutazama mafahali wakipigana, mimi huteremka mtoni na kamera.

Ninamfuata fundichuma. Ni ndege wa rangi ya udongo, mwenye kishungi kisogoni kinachofanya kichwa chake kifanane na nyundo. Huingia kwenye maji ya kifundoni, akatikisa matope kwa mguu mmoja, kisha mwingine, mpaka chura atoke mafichoni. Kiota chake ni rundo la vijiti maelfu, lenye paa na mlango mdogo ubavuni, na lina nguvu ya kubeba uzito wa mtu. Jamii nyingi za Afrika humwogopa, zikiamini kwamba anayembomolea nyumba hujiletea balaa. Kukhu yangu, yaani bibi yangu, aliamini hivyo. Utotoni tulipita mbali na mti wenye kiota kile, na leo namshukuru kwa hofu aliyotupa.

Mwaka wangu wa kwanza nilirudi nyumbani na picha za migongo. Kila nilipomwona ndege nilinyata, naye akaruka. Asubuhi moja mzee mwenye shamba kando ya mto alinisalimu, "Mulembe, mwanangu," akanitazama nikihangaika, kisha akasema, "Ukimfuata, atakwenda. Keti." Niliketi kwenye nyasi zenye umande karibu saa nzima. Fundichuma alirudi mwenyewe, akaja akilima matope hadi hatua kumi hivi kutoka nilipokuwa. Nilipiga picha tatu tu. Tangu siku hiyo sijamnyatia ndege tena.

Ukungu nao una kazi yake. Vitone vyake vya maji hutawanya miale pande zote, kwa hiyo hakuna kivuli kikali. Yangeyange, ambaye saa nne huonekana kama karatasi nyeupe juani, asubuhi ile huonyesha kila unyoya wa kifua. Ila kamera ikiachwa iamue yenyewe huuona weupe ule kuwa mwanga uliozidi, ikaupunguza, na ukungu ukatoka wa rangi ya jivu. Lazima niiongezee mwanga kidogo. Ukungu pia huficha vilivyo nyuma: nguzo za umeme, mabati, nguo zilizoanikwa. Hubaki ndege, maji na tete mbili tatu.

Lakini siku hizi jua likipanda na ukungu ukiondoka, ninachokiona kinaniuma. Bondeni nilikopita nikiwa mtoto nikisikia mlio wa korongo-taji, kumechimbwa mitaro ya kukausha kinamasi na kupandwa mikaratusi. Korongo-taji, yule mwenye taji la manyoya ya dhahabu aliye kwenye bendera ya Uganda, hutaga mayai mawili au matatu katikati ya majani ya kinamasi. Kinamasi kikikauka hana pa kuatamia. Tangu 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Yeye hakubahatika kuwa na hofu ya kukhu ya kumlinda.

Simlaumu mkulima. Ekari moja ikigawiwa watoto watano, kila mtaro una sababu yake, na mkaratusi hulipa karo. Ila mto ukinyimwa matete yake hausafishi tena maji tunayochota, na udongo wa shamba huteremka nao mvua kubwa inaponyesha. Hasara hiyo ni ya mkulima kwanza, ya ndege baadaye.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mlio na mashamba kando ya mito ya Isiukhu na Yala: msimu huu, kabla ya kulima, acheni ukanda wa matete ukingoni. Nanyi vijana wenye simu na kamera, mkikuta kiota chenye mayai, rudini nyuma bila kupiga picha. Mama yake yuko karibu, anangoja muondoke.