Ujirani Usioposwa

Mtu akizichukua kazi mbili zilizofanywa na watu wawili wasiojuana, akazitundika katika ukuta mmoja, amesema neno. Hajaandika kitu wala hajafungua kinywa, lakini mtazamaji anayepita mbele ya kazi hizo huona pia kitu cha tatu kilicho baina yao, na hicho cha tatu hakikutoka mkononi mwa msanii yeyote kati ya wale wawili. Swali ninalokusudia kulijadili hapa ni la haki: neno hilo la tatu ni la nani, na msemaji wake huwajibika kwa nani?

Washairi wa pwani wamelijua jambo hili tangu zamani, na wameliwekea sheria. Chukua takhmisa. Mtunzi wa baadaye hulitwaa shairi la aliyemtangulia, lenye mishororo miwili miwili, akatunga mitatu yake na kuitanguliza, ubeti ukawa wa mitano. Beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo zilifanyiwa hivyo. Tazama mzigo umeelekea upande gani: mgeni ndiye anayefuata kina cha mwenyeji, wala mwenyeji hapindwi hata kidogo ili amridhishe mgeni. Tena msikilizaji anajua mpaka uko wapi. Akitaka huiondoa ile mitatu, na miwili ikabaki mizima kama ilivyokuwa. Malumbano nayo yana adabu yake, ijapokuwa ni adabu ya vita: anayejibu hujulikana, na aliyejibiwa ana nafasi ya kurudisha. Hata kanga ina utaratibu huo. Mwanamke akijitanda kanga yenye neno, akapita mbele ya jirani yake, jirani anajua neno limetoka kwa nani, na kesho atavaa lake.

Ukumbi wa maonyesho hauna sheria hizi. Kazi mbili zilizotundikwa pamoja haziwezi kujibizana, na aliyezikutanisha amejificha nyuma ya ukuta. Mwaka 1984, jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilifungua maonyesho makubwa yaliyoandaliwa na William Rubin, ambamo michoro na sanamu za akina Picasso ziliwekwa kando ya vinyago kutoka Afrika, Oceania na Marekani ya wenyeji wa asili. Neno walilolichagua waandalizi kuueleza uhusiano baina ya pande hizo mbili ni neno ambalo, katika Kiingereza cha kisheria, lina maana ya udugu unaotokana na ndoa. Ukwe, kwa lugha yetu. Neno hili lastahili kushikwa kwa uzito kuliko walivyolishika wao, maana ukwe hauji kwa kufanana. Watu wawili huweza kufanana pua na macho wasiwe na mnasaba wowote, na wengine wasiofanana hata ukucha wakawa wakwe kwa sababu palikuwa na posa, mahari, walii na mashahidi. Katika New York upande mmoja ulikuja na majina yake na tarehe zake, na upande wa pili ukaja na jina la kabila tu. Mwandishi Thomas McEvilley aliyashambulia maonyesho hayo mwaka huohuo katika jarida la Artforum, na kwa maoni yangu alikuwa na haki. Huwezi kumwoza mtu usiyemwuliza hata jina.

Kesi ngumu zaidi ilikuja miaka mitano baadaye, na hii ndiyo inayonishughulisha. Mwaka 1989, Jean-Hubert Martin aliandaa mjini Paris maonyesho aliyoyaita Wachawi wa Dunia, katika jumba la Pompidou na katika ukumbi mkubwa wa La Villette. Wasanii walizidi mia, karibu nusu yao wakitoka nje ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Walikuwapo Chéri Samba na Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, Frédéric Bruly Bouabré wa Ivory Coast, Esther Mahlangu wa Afrika Kusini. Wote walikuwa hai, na kila mmoja alitajwa kwa jina lake. Kosa la New York lilikuwa limerekebishwa, na asiyemshukuru Martin kwa hilo anamdhulumu.

Lakini katika ukumbi wa La Villette palikuwa na kona moja iliyopigwa picha kuliko nyingine zote. Sakafuni, wanaume wa Kiwarlpiri waliosafiri kutoka Yuendumu, katikati ya Australia, walitandaza mchoro wa ardhini walioutengeneza kwa mikono yao palepale. Ukutani, juu yake, Mwingereza Richard Long alipaka kwa mkono duara kubwa la udongo. Ardhi chini, ardhi juu. Mikono huku, mikono kule. Duara kwa duara. Uzuri wa mkutano huo huonekana hata katika picha ndogo ya gazeti. Na katika takriban kila picha duara la Long limesimama kama jua lililochomoza, na mchoro wa Yuendumu umelala mbele yake mfano wa mkeka.

Kusimama na kulala si jambo dogo. Ukuta una mtazamo wa macho. Sakafu ina mtazamo wa miguu. Mchoro wa ardhini wa Wawarlpiri unakaa chini kwa sababu ndiko unakotoka na ndiko unakofanya kazi yake, lakini mtazamaji wa Paris, aliyezoea kuwa kinachotundikwa ndicho sanaa na kinachotandazwa ni pambo la nyumba, aliusoma upangaji ule kwa mazoea yake. Sidhani Martin alikusudia daraja. Ila neno likishatoka, kusudio la msemaji halilirudishi.

Na kuna jambo zito zaidi ya hilo. Miongoni mwa Wawarlpiri, mchoro wa namna hii hauchorwi na yeyote apendaye. Una wenyewe, waliourithi upande wa ukoo mmoja, na una walinzi wa upande mwingine wa ukoo, ambao kazi yao ni kuhakikisha kwamba umechorwa sawasawa. Yaani uhusiano, nani ana haki ya kukaribia nini na kwa idhini ya nani, ndio uliomo ndani ya mchoro wenyewe. Kazi iliyofinyangwa na sheria kali hivi ya ujamaa ikapewa jamaa mpya kwa sababu wote wawili walitumia udongo na wote wawili walipenda duara. Kukubali kuja mjini ni jambo moja. Kukubali jirani ni jambo jingine, na yamkini hapo ndipo posa ilipohitajika.

Nitaulizwa: je, kila kazi ikae chumba chake peke yake? La hasha. Chumba cha upweke nacho ni upangaji, na mara nyingi ndio wenye kiburi kuliko wote, kwani humfundisha mtazamaji kwamba kazi ilizuka yenyewe bila mama wala shangazi. Isitoshe, kuna mambo ambayo kazi haiyatoi mpaka ikutane na nyingine, kama vile vina visivyosikika mpaka mshororo wa pili ufike. Ninachokidai ni kidogo zaidi: anayekutanisha ajulikane, aseme kwa nini, na mkutano uwe wa aina ambayo kila kazi inaweza kuondoka ikiwa nzima.

Mfano ninao, na unatoka karibu na kwetu. Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mtoto mchanga. Mwaka 1985 aliandaa mjini London, katika taasisi ya sanaa iitwayo ICA, maonyesho ya wanawake kumi na mmoja weusi na wenye asili ya Asia, yeye akiwa mmojawao. Jina lake lilikuwa Mstari Mwembamba Mweusi. Walichopewa kilikuwa ujia, mahali watu wanapopita wakielekea kwingine. Hatari ya kusomwa kama mtu mmoja mwenye sura kumi na moja ilikuwapo, na haikuepukwa yote. Wapo wakosoaji waliowasoma hivyohivyo. Lakini aliyewakutanisha alikuwa ndani ya ukuta pamoja nao. Kazi yake ilikabiliwa na macho yaleyale, katika ujia uleule, kwa jina lake. Na ushahidi kwamba hakuna aliyemezwa ni kwamba Sonia Boyce, Veronica Ryan na wenzao walitoka pale wakaenda kila mmoja njia yake, kisha wakakutanishwa tena Tate Britain mwaka 2011, na ICA yenyewe mwaka 2025, kazi zao zikiwa zimetofautiana kuliko zilivyokuwa mwanzo.

Himid huyuhuyu, mwaka 2004, alitengeneza kazi ambayo naiona kama jibu la swali letu, ingawa ni ya msanii mmoja. Ni watu mia moja wa mbao, wa kimo cha binadamu, waliokatwa na kupakwa rangi: wapiga ngoma, mafundi viatu, waganga wa mitishamba, wachora ramani, wafunzaji wa mbwa, Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya matajiri wa Ulaya. Wamesimama sakafuni, hawakutundikwa. Mtazamaji hana budi kupita baina yao, bega kwa bega, na ukumbini sauti inawataja. Kwa mbele ni kundi la kupendeza, mavazi na rangi. Akizunguka mgongoni hukuta karatasi mfano wa hesabu za duka, na juu yake, kwa kila mmoja wa wale mia, jina alilopewa na waliomnunua, na jina lake mwenyewe.