Deni la Mwindaji

Hapana mtu mwenye akili apitishaye kisu butu shingoni mwa mbuzi, kisha akajisifu kuwa ni mchinjaji. Waislamu wamefundishwa kunoa kisu kabla ya kuchinja, ili mnyama asiteswe. Na hata asiyeshika dini hiyo hugeuza uso aonapo kiumbe akigaragara kwa sababu ya uvivu wa mtu aliyeona taabu kutafuta tupa. Jambo hili latambulika upesi kwa kisu. Kwa bunduki halitambuliki upesi hivyo, maana bunduki huua mbali, na kilicho mbali hakitutazami machoni. Kwa hiyo nataka kuuliza katika insha hii: je, kuchagua bunduki na risasi ya kuwindia ni jambo la ufundi tu, kama kuchagua jembe, au ni jambo la haki na dhuluma pia?

Swali hili nalitafutia jibu katika nyanda za juu za Kitanga, baina ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Huko vilima vya Buha vimevikwa nyasi, na nchi ishukapo huingia katika misitu ya miombo hata mabonde ya mto Malagarasi na mabwawa ya Moyowosi. Mwaka 1981 Moyowosi ilifanywa Pori la Akiba. Na mwaka 2000 eneo la Malagarasi na Muyovozi lilikuwa la kwanza katika Tanzania kuandikwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Humo hukaa nyati, nyamera, nzohe na pofu. Dume la pofu laweza kufika uzito wa kilo 900. Waholanzi walipomwona kusini mwa Afrika walimpa jina la mnyama mkubwa mwenye pembe wa misitu ya baridi ya Ulaya. Wawindaji wa nchi hizo za baridi hubishana usiku kucha juu ya bunduki imfaayo mnyama wao. Sisi nasi tuna pofu wetu, na swali ni lile lile.

Bunduki za namna tatu zimepita katika misitu hii. Ya kwanza ni gobori, ishindiliwayo baruti na risasi kwa kupitia mdomo wa mtutu. Nyingine zililetwa na biashara ya misafara, nyingine zimetengenezwa na wahunzi wa vijijini. Ya pili ni bunduki ya kisasa ya mwindaji mwenye kibali, ambayo mtutu wake una mifereji ndani, nayo huizungusha risasi ili iende sawa. Ya tatu ni bunduki ya vita. Vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993, na vya Kongo vilivyoanza mwaka 1996, vilifukuza watu kwa maelfu hata wakafika wilaya hizi, nao wengi walikuja na watoto mgongoni na mikono mitupu. Lakini vita havitoi watu peke yao. Hutoa na silaha, na baadhi yake zikaangukia mikononi mwa majangili. Kila moja ya bunduki hizi ina ubishi wake, na kila moja yatufundisha neno.

Tuanze na ile ya vita, kwa kuwa ndani yake mna fumbo. Mwaka 1899 mataifa yaliyokutana The Hague, Uholanzi, yalitoa tamko la kukataza vitani risasi zitanukazo au kubapa upesi zikiingia mwilini. Ziliitwa dumdum, kwa jina la mahali penye kiwanda cha silaha karibu na Calcutta, Bara Hindi. Zilihesabiwa kuwa ni za kikatili mno. Basi risasi ya askari ikafanywa iwe imevikwa chuma kigumu, ipenye mwili na kupita. Lakini ukiingia katika sheria za uwindaji za nchi nyingi za Ulaya na za majimbo mengi ya Marekani, utaona neno hilo limepinduliwa juu chini: risasi ngumu ya kiaskari ndiyo ikatazwayo kwa kuwinda wanyama wa jamii ya kulungu na paa, na risasi yenye ncha laini, itanukayo, ndiyo itakiwayo.

Je, wanadamu wamejipinga wenyewe? La. Askari hupigwa ili aondolewe katika vita. Akisha kuanguka, kuna machela, kuna mganga, kuna matumaini ya kurudi kwa mama yake. Nyati hana hospitali. Risasi ikimpenya na kupita bila kuvunja moyo wala mapafu, hakuna atakayemfunga jeraha. Atakwenda nalo siku mbili, tatu, au juma zima, akifuatwa na inzi na fisi. Basi risasi moja yaweza kuwa ya huruma hapa na ya ukatili kule. Wema haukai katika chuma. Hukaa katika ujuzi wa mtu juu ya lile analolitenda, na juu ya nani analitendewa. Mtu achukuaye bunduki ya vita akaenda kuwinda Moyowosi amekosa hata kabla hajakamatwa na askari wa wanyamapori: amechukua risasi iliyofanywa imwachie mtu nafasi ya kupona, akamtupia kiumbe ambaye kwake nafasi hiyo ni mateso tu.

Wengine watasema, ‘Basi tutwae bunduki kubwa kuliko zote, na shauri limekwisha.’ Walakini, ukubwa nao una hila zake. Bunduki kubwa ina teke kali, na mtu aliyekwisha kupigwa begani mara tatu hufumba macho mara ya nne kabla ya kufyatua. Risasi iliyotoka kwa macho yaliyofumbwa ni kubwa kwa mnyama aliyekosewa moyo na kupasuliwa tumbo. Mskoti mmoja, Walter Bell, aliyepewa jina la Karamoja katika Uganda, aliwinda tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 au karibu yake. Alipasua mafuvu ya tembo ili ajue hasa ubongo ulipo. Risasi yake ilikuwa ngumu ya kiaskari, maana fuvu la tembo hutaka chuma kipenyacho. Simsifu kwa hesabu ile ya tembo, kwa kuwa ilikuwa ni hesabu ya pembe na fedha; nataja tu kwamba ujuzi ulitenda kwa gramu 11 lile ambalo nguvu bila ujuzi haikulitenda kwa gramu 30.

Hata hivyo, mfano wa Bell ni hatari kwa mtu wa kawaida. Asiye na jicho lake wala utulivu wake, akitwaa bunduki yake, ataacha msitu umejaa majeruhi. Ndiyo sababu nchi nyingi za Afrika zimeamuru kwamba anayewinda nyati au tembo asitumie bunduki iliyo chini ya kipimo cha inchi .375, ambayo risasi yake huwa na gramu 19 hivi. Sheria haimtungii bingwa. Humtungia mtu wa wastani katika siku yake mbaya. Na mwenye busara hujihesabu kuwa ni mtu wa wastani, ingawa watu wanamwita bingwa. Kiburi chaweza kuchagua bunduki kubwa ili kitishe, na chaweza kuchagua bunduki ndogo ili kisifiwe. Katika hali zote mbili mnyama ndiye alipaye gharama ya sifa.

Nimekwisha kusema juu ya wale walio na uchaguzi. Sasa nageukia gobori, na hapa ndipo swali linapouma, kwa sababu mwenye gobori aghalabu hakuichagua. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, ambao madhumuni yake yalitangazwa kuwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika, tangu nyuzi 20 kaskazini hata nyuzi 22 kusini. Gobori za jiwe na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa kwa masharti; bunduki zenye mifereji zilibaki kwa watawala na wageni wenye idhini. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann akatoa amri ya uwindaji katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, nayo ikadai vibali. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika Afrika ya Mashariki na bunduki njema za namna kadhaa. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo, na dunia ikawaita mashujaa na marafiki wa elimu.

Basi mtu aliyenyimwa chombo kiuacho upesi alikuja kulaumiwa kwamba huua polepole. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haina haki yote. Anayemnyang’anya mchinjaji tupa ana sehemu yake katika maumivu ya mbuzi.

Lakini je, sehemu ya yule wa kwanza yamfutia wa pili sehemu yake? Mzee mmoja wa Kitanga, ambaye katika ujana wake aliwinda kwa gobori, alinipa jibu bila ya kujua kuwa alikuwa akinijibu. Jioni moja, nyumbani mna njaa, aliona nyati pembezoni mwa msitu, umbali wa hatua mia au zaidi. Gobori yake aliijua: ilikuwa ya hatua arobaini. Ndani yake alikuwa ameshindilia vipande vya chuma, kwa kuwa risasi ya kununua ilimshinda. Alifyatua. Nyati alitetemeka, akaingia kichakani, na usiku ukafunga njia. Asubuhi mwanamke wa jirani alikwenda kuokota kuni upande ule ule, naye hakurudi kwa miguu yake.

Nilimwuliza, ‘Mzee wangu, je, ulikosa shabaha?’

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, ‘La, mwanangu. Shabaha sikuikosa, nyati nilimpiga. Nilikosa kabla ya kulenga.’

Katika maneno hayo naiona hukumu nzima ya jambo hili. Kosa la mwindaji halianzi kidoleni. Huanza pale ajuapo kipimo cha chombo chake kisha akakivuka. Njaa yaweza kumhalalishia mtu kuua, wala simlaumu baba atafutaye nyama kwa watoto. Lakini njaa haiwezi kuhalalisha kujeruhi, maana mnyama aliyejeruhiwa akatoroka hawashibishi watoto. Huwashibisha fisi, na aghalabu humlipiza asiye na hatia. Hapa wema na faida hutembea njia moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mwenye gobori ya hatua arobaini na azifikie hatua arobaini, au arudi nyumbani. Aliyenyimwa bunduki njema hakunyimwa uwezo wa kutofyatua. Ni uwezo mchungu, nakiri, na ni rahisi kuuhubiri mtu akiwa ameshiba. Lakini mzee yule hakuwa ameshiba, naye ndiye aliyenifundisha.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo wazee wetu hawakuweza kulijua, nasi twalijua. Lugha yetu imeliita kwa jina moja, risasi, lile litokalo mtutuni na yale madini mazito ambayo tangu zamani limefanywa kwayo. Madini hayo ni sumu. Risasi laini ipigapo mfupa humeguka vipande vidogo visivyoonekana kwa jicho, navyo hukaa katika nyama na katika matumbo yaachwayo porini. Tai alaye matumbo hayo huweza kufa. Na mtoto alaye nyama ya kando ya jeraha hutiwa sumu kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo jimbo la California, Marekani, lilikataza kabisa tangu Julai 2019 kuwinda kwa risasi za madini hayo, na wawindaji wakageukia za shaba. Basi deni la mwindaji haliishii kwa mnyama aangukaye. Lafika hata kwa wale watakaokula baada yake, wawe na mbawa au wawe wamekaa kuzunguka chungu.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 humtaka mwindaji wa Tanzania awe na kibali, na kibali ni jambo jema na la lazima. Lakini kibali huandikwa na serikali kwa mtu. Hakiandikwi na mnyama. Mnyama hana mkono wa kutia sahihi wala ulimi wa kukataa. Yeye hutegemea saa moja tu ya unyofu wetu, nayo si saa ile ya mlio wa bunduki. Ni saa ya jioni iliyotangulia, mtu akiwa peke yake kwa taa yake, bunduki magotini na risasi kiganjani, akijiuliza: hii yatosha? Nami naijua? Nitaikaribia shabaha yangu kiasi gani? Ajibuye maswali hayo kwa kweli, hata kama jibu ni kulala njaa, amenoa kisu chake. Asiyejiuliza amekwisha kukosa, ingawa kesho pofu ataanguka pale pale kwa risasi moja.