Saf ya Msikitini na Ulimi wa Barabarani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu Muislamu, katika mji wa bandari mtu hakosi kukutana na asiyemjua. Tanga ni mji wa namna hiyo. Ukipita Ngamiani katika barabara zake za namba, au ukivuka kwa kivuko kutoka Pangani kwenda Bweni, utakaa bega kwa bega na watu ambao jana hukuwaona na kesho huenda usiwaone. Na mara moja moja miongoni mwao huwemo mtu ambaye macho hayaishi kumtazama: mwili tunauona wa kiume, na nguo, sauti na mwendo ni wa kike, au kinyume chake. Wala hajifichi. Suali letu leo ni hili: sisi wapita njia tuna haki gani juu yake, na yeye ana haki gani kwetu?

Yanayotokea tunayajua. Vijana hupiga miluzi. Watoto hufuata nyuma wakiimba. Mwenye duka hujifanya hakumsikia. Hata neno shoga, ambalo mama zetu wa pwani waliitana kwa mapenzi, limegeuzwa kuwa jiwe la kurushia watu. Na wanaofanya hayo hudhani wanaitetea dini.

Basi tuitazame dini yenyewe. Wanazuoni hawakulikimbia jambo hili, bali walipambanua. Wa kwanza ni khuntha, ambaye maumbile yake yenyewe hayakubainika. Hawa si wa kubuni: katika sensa ya Kenya ya mwaka elfu mbili na kumi na tisa, yaani 2019, waliandikwa watu 1,524 wenye maumbile ya namna hiyo. Katika madhehebu yetu ya Shafii khuntha amewekewa saf yake msikitini: wanaume, kisha wavulana, kisha khuntha, kisha wanawake. Wa pili ni mwanamume aliyeumbwa na ulaini wa kike katika sauti na mwendo bila kujitakia. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kwamba huyu hana lawama wala dhambi. Na wako waliosema kuwa ajitahidi kuliacha kidogo kidogo. Wa tatu ni mwenye kujifananisha kwa kusudi, na juu yake imekuja laana katika hadithi ya Ibn Abbas aliyoipokea Bukhari. Hadithi hiyo hatuifichi.

Zama zetu zimeleta na suala la tabibu. Mwaka 1988 Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, aliulizwa juu ya mwanafunzi wa Azhar aliyepasuliwa akawa mwanamke. Alijibu kwamba tiba yafaa ikiwa tabibu ameona haja ya kudhihirisha kilichofichika mwilini, na haifai kwa matamanio matupu. Mwaka 1989 baraza la fiqhi la Rabita, huko Makka, lilikataza kwa aliyekamilika maumbile na likaruhusu kwa mwenye maumbile yenye utata. Kwa Mashia wa Iran, Imam Khomeini alikwisha kuruhusu. Hao ni maulama, waliosoma na kuwasikiliza matabibu, na bado wametofautiana.

Sasa niambie, ndugu yangu: wewe uliyeketi barazani na kikombe cha kahawa, umemwona mtu kwa muda wa kuvuka barabara. Umejuaje kuwa ni wa kwanza, wa pili au wa tatu? Alichozaliwa nacho hukijui, na nia yake hukuipasua moyo ukaiona. Kadhi hahukumu bila ya ushahidi. Vipi mpita njia ahukumu kwa kanga na mwendo?

Atasema msemaji: "Je, si tumeamrishwa kuondosha munkari?" Naam, tumeamrishwa. Lakini kuna sharti la ilimu, na sharti kwamba uovu usiondoshwe kwa uovu mkubwa zaidi. Nasaha ina mlango wake: faragha, upole, na mtu anayekujua. Matusi ya barabarani hayajamrudisha mtu msikitini, yamewafukuza wengi. Na Suratul Hujurat, katika aya ya 11 na ya 12, imekataza kudharauliana, kuitana majina mabaya, dhana mbaya na kupelelezana. Mwishoni mwa Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam aliwataka wananchi wapeleke majina ya wale waliowashuku kuwa mashoga. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikatangaza kuwa hayo yalikuwa maoni yake binafsi. Lakini katika siku hizo chache, jirani alikwisha kualikwa kumpeleleza jirani.

Na tuchukue lile lililo zito kabisa. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba aliletwa kwa Mtume (S.A.W.) mtu aliyejifananisha na wanawake, mikono na miguu ameitia hina. Mtume akaamuru apelekwe Naqii, nje ya mji. Masahaba wakauliza, je, tumuue? Akajibu kuwa amekatazwa kuwaua wenye kuswali. Hukumu hiyo ina ukali, na aliyeitoa ni mwenye mamlaka. Lakini damu ya mtu ililindwa, na kilichoilinda ni swala.

Basi mzazi asiyeridhika na jambo hili halazimiki kuridhika. Analolazimika ni kuuzuia mkono wake na ulimi wake. Akisalimiwa, aitikie. Akiwa muuzaji, auze kwa bei ile ile. Akimwona mwanawe ameokota jiwe, amnyang'anye. Fiqhi imempatia nafasi katika saf mtu ambaye maumbile yake yametatiza hata maulama. Itakuwa ajabu sisi tukimnyima nafasi ya kupita njia.

Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Mwenyezi Mungu atuhifadhi na shari ya ndimi zetu. Wallahu aalam.