Nani Alikufundisha Kupenda?



Kijana mwenzangu, nikikuuliza nani alikufundisha kusoma, utamtaja mwalimu wako wa darasa la kwanza. Nikiuliza nani alikufundisha baiskeli, utamtaja kaka au binamu. Haya, kupenda je? Nani alikufundisha kupenda? Hapo wengi tunanyamaza kidogo. Shuleni hakuna kipindi chake kwenye ratiba, wala hakuna cheti. Lakini yupo mtu. Labda ni mama na baba, labda ni bibi aliyekulea kijijini, shangazi, au dada wa kazi aliyekubeba mgongoni. Na wapo mnaosema moyoni: mimi hakuna aliyenifundisha. Nyinyi hasa ndio ninaowafikiria ninapoandika haya.

Mtume Yohane anatupa mpangilio wa mambo (1 Yoh 4:19): Mungu ndiye aliyeanza kupenda, sisi tunaitikia. Kwa mtoto ni vilevile. Anapendwa kwanza, siku nyingi kabla hajajua neno lenyewe. Na Musa, anapowaagiza wazazi wa Israeli wawafundishe watoto wao kumpenda Mungu (Kumb 6:7), hataji hekalu. Anataja kukaa nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Yaani saa za kawaida kabisa, zile ambazo mzazi hajui hata kama anatazamwa.

Twende Ufaransa, katika mji wa Alençon, karne ya 19. Hapo waliishi Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Walifunga ndoa Julai 1858, wakajaliwa watoto tisa, wanne wakafa wangali wadogo. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu pamoja, mume na mke, tarehe 18 Oktoba 2015. Louis alikuwa fundi saa. Zélie alitengeneza lesi, kazi iliyoupa mji ule sifa, na alikuwa na wafanyakazi wake. Biashara ya mke ilipokua, mume aliuza duka lake la saa akaenda kumsaidia. (Kaka zangu, hapo msipite haraka.)

Sasa sikia jambo ambalo hatulisimulii sana. Zélie mwenyewe hakulelewa kwa upole. Mama yake alikuwa mkali mno, na Zélie aliukumbuka utoto wake kama kipindi cha huzuni. Hata mwanasesere mmoja wa kuchezea hakuwahi kupata. Kwa hesabu zetu za mtaani, mtu wa namna hiyo angekuwa mama mkali vilevile, si ndivyo tunavyosema, kwamba aliyenyimwa hana cha kutoa? Lakini barua zake zinamwonyesha mama anayecheka na watoto wake, anayewabembeleza, anayesimulia vituko vyao kwa ndugu zake. Upendo ambao hakuupata kwa mama yake aliupata kwa dada yake, aliyekuja kuwa mtawa, na kwa kaka yake Isidore, na kwa Mungu aliyemwendea kila asubuhi katika Misa. Kwa hiyo wewe uliyekulia kwenye nyumba ya kelele na vipigo, usikubali kuambiwa kwamba maisha yako yameshaandikwa. Mungu ana njia nyingi za kumfikishia mtu upendo.

Njia mojawapo inaitwa Rose Taillé. Teresa alizaliwa Januari 1873, akadhoofika sana, na mama yake hakuweza kumnyonyesha. Wakamtafuta Rose, mwanamke wa shamba katika kijiji cha Semallé, akamlea mwaka mzima. Rose alipokuja mjini kuuza siagi, mtoto aliletwa nyumbani kwao, naye alilia mpaka apelekwe sokoni kwa Rose. Akimwona tu, ananyamaza na kucheka. Fikiria moyo wa Zélie hapo! Lakini hakumkatalia mtoto mapenzi yale. Mzazi mwenye busara hamwonei wivu anayempenda mtoto wake.

Ila sitaki kupaka rangi. Nyumba hiyohiyo ya watakatifu ilikuwa na msichana wa kazi aliyemtawala Léonie, binti wa tatu, kwa vitisho vya siri kwa muda mrefu, na wazazi hawakujua. Walimwona tu Léonie ni mtoto mgumu, haelewi, hasikii. Dada yake Marie ndiye aliyegundua, mwaka 1877. Zélie alikuwa tayari anaumwa saratani ya matiti, akatumia miezi yake ya mwisho kumvuta karibu yule binti, na Léonie akaanza kufunguka. Ndugu, yule mtoto anayeitwa mkorofi pale nyumbani kwenu, kuna mtu amewahi kukaa naye na kumuuliza kuna nini?

Zélie alifariki tarehe 28 Agosti 1877. Teresa alikuwa na miaka minne. Céline, wa nne kati ya mabinti walio hai, akamkimbilia Marie, kwamba wewe ndiye utakuwa mama. Teresa akamkumbatia Pauline. Marie alikuwa na miaka 17. Pauline 15, umri wa kidato cha pili! Wengi wenu mnaosoma hapa mnawapikia wadogo zenu, mnawaogesha, mnawasimamia kazi za shule kwa sababu mama yuko sokoni au hayupo tena duniani. Mnaona kama mnasaidia kazi tu. Yule mdogo anayekutazama ukigawa ugali, anaona nani amepewa kwanza na nani amebakiziwa kidogo. Hapo ndipo anaposoma.

Louis naye alikuwa na mtindo wake. Matembezini, wakikutana na maskini, hela alimpa Teresa ampelekee. Siku moja mtoto akamwendea mzee anayetembelea magongo, na mzee akaikataa ile sarafu huku akimtazama kwa tabasamu la huzuni. Teresa alihuzunika, akaona amemwaibisha. Kisha akakumbuka kwamba siku ya Komunyo ya Kwanza mtu huomba neema, akaamua siku hiyo atamwombea yule mzee. Alisubiri miaka mitano, na siku ilipofika, hakusahau. Hakuna aliyemhubiria. Alikuwa amezoea tu kumwona maskini kama mtu.

Akili ya Louis ilivurugika kwa ugonjwa, na mwaka 1889 akalazwa hospitali ya magonjwa ya akili huko Caen kwa miaka mitatu. Watu walisema mengi. Wakati huo Marie, Pauline na Teresa walishaingia utawani Karmeli. Céline naye alitamani kwenda, lakini alimngoja baba. Louis aliporudishwa nyumbani Mei 1892, hawezi kutembea, Céline ndiye aliyemuuguza, miaka miwili na zaidi, mpaka alipofariki Julai 1894. Septemba mwaka huohuo Céline akabisha hodi Karmeli.

Watakatifu Louis na Zélie, mtuombee.