Upandikizaji wa Nywele kwa Mwanamke na Mpaka wa Kubadili Maumbile

Upandikizaji wa nywele ni upasuaji ambao daktari hutoa vinyweleo, yaani vifuko vidogo vya ndani ya ngozi ambamo nywele humea, kutoka sehemu iliyo imara, aghalabu kisogoni, kisha akavipanda penye upara, mgonjwa akiwa macho na ngozi ya kichwa ikiwa imetiwa ganzi. Msingi wake ulielezwa mwaka 1959 na Norman Orentreich, daktari wa ngozi wa Marekani: unywele uliohamishwa huendelea kuwa na tabia ya mahali ulikotoka. Upasuaji huo umezoeleka zaidi kwa wanaume, lakini wanawake nao huuendea, na kwa Mwislamu miongoni mwao kuna swali linalotangulia kisu: je, jambo hilo ni tiba, au ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu?

Wanaolitilia shaka hutegemea aya ya 119 ya Sura An-Nisaa, inayotaja kubadili maumbile miongoni mwa mambo ambayo shetani aliapa kuwaamrisha watu, pamoja na Hadithi inayomlaani mwanamke anayeunga nywele na yule anayeungwa. Wanaoruhusu hujibu kwa kutenganisha kuongeza uzuri na kurejesha kilichoharibika, na humtaja Arfaja, sahaba aliyepoteza pua vitani na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza avae pua ya dhahabu, na pia mwenye upara katika kisa cha watu watatu wa Bani Israili, ambaye malaika alimpangusa kichwa akaota nywele nzuri. Kwa mkondo huohuo, Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilitaja upandikizaji wa nywele zilizoanguka, hasa kwa mwanamke, miongoni mwa upasuaji unaofaa kisheria, kwa kuwa huondoa kasoro iliyomzukia mtu baada ya kuzaliwa.

Utenganisho huo ni sahihi, lakini peke yake hautoshi. Katika Hadithi iliyopokewa na Asma binti Abubakar, mwanamke mmoja alimweleza Mtume kwamba binti yake aliyekuwa bi harusi alipatwa na surua, nywele zikamnyonyoka, akauliza kama amwunge nywele, na jibu likawa ni kukatazwa. Binti huyo hakutaka kuzidi wenzake kwa uzuri. Alitaka alichonyang'anywa na maradhi, na bado hakuruhusiwa. Kwa hiyo illa, yaani sababu ambayo hukumu husimama juu yake, haiwezi kuwa haja ya kurejesha tu, bali lazima itafutwe katika njia yenyewe. Baadhi ya mafakihi waliiona katika udanganyifu, kwa kuwa nywele za kuungwa humwonyesha mtu kuwa na asichokuwa nacho, na wengine katika kutumia kiungo cha mwanadamu mwingine. Sababu zote mbili huondoka pale nywele zinapokuwa za mwanamke mwenyewe, zikamea katika ngozi yake, zikakatwa na kuota tena, na maji ya josho yakafika kwenye shina lake bila kizuizi.

Hata hivyo, ikiwa ukweli ndio unaohalalisha njia hii, ukweli huo unamdai pia daktari. Wanawake wengi wenye tatizo la kupoteza nywele hupungukiwa nazo kichwa kizima, hata kisogoni, hivyo kinachohamishwa huenda nacho kikadhoofika. Wengine wana uvimbe wa ndani unaoanzia utosini na kuacha kovu, ugonjwa unaoonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, na nywele zikipandwa kabla haujatulia zaweza kufa. Wenye matumaini makubwa zaidi ni wale ambao nywele za kwenye paji la uso zimeng'oka kwa kusukwa kwa kubanwa miaka mingi, mradi mvutano huo umekomeshwa. Nywele za kipilipili nazo hutaka mkono wenye ujuzi, kwa sababu vinyweleo vyake hupinda chini ya ngozi na hukatika kwa urahisi vinapochomolewa, na matokeo kamili huchukua takriban mwaka mzima. Kwa kanuni ya fiqhi inayokataza kujidhuru na kudhuru, upasuaji ambao daktari anajua hautafaa hauwi halali kwa sababu tu aina yake imeruhusiwa, na mufti anayeulizwa ana haki ya kuuliza kwanza ni ugonjwa gani uliozichukua nywele.

Linabaki suala la subira, ambayo wakati mwingine hutajwa ili kumnyamazisha mwanamke, hasa kwa hoja kwamba nywele zake zimefunikwa na hijabu. Hadithi ya mwanamke aliyekuwa na kifafa yasaidia hapa: alipohiarishwa kati ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, alichagua kusubiri, lakini akaomba dua asiwe akifunukwa mwili anapoanguka, na Mtume akamwombea. Kwake subira na kulinda heshima havikupingana, na uchaguzi ulikuwa wake. Vivyo hivyo, anayeuacha upasuaji huu hapungukiwi na kitu mbele ya Mola wake, na anayeuchagua baada ya kuelezwa ukweli wote hajaikataa kadari, bali ametafuta dawa ya maradhi.