Kisu Kilichoungua

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chamtaja mhunzi akiwa kazini: joto la tanuru lamkausha, mlio wa nyundo wamjaa masikioni, na macho yake hayaachi kutazama mfano wa chombo anachokifanya. Watu wa namna hiyo, chasema kitabu, hawatafutwi kuketi katika baraza la wakubwa. Lakini pasipo wao mji haukaliki. Hiyo ni heshima kubwa kwa mikono yenye masizi, na yafaa ikumbukwe kabla ya kusikiliza habari ya kijana wa Mugunga.

Mugunga iko upande wa magharibi wa Goma, kwenye barabara iendayo Sake, karibu na Ziwa Kivu. Ardhi yake ni mawe meusi ya volkano, makali kwa miguu na magumu kwa jembe. Kijana huyo, naye mkatekumeni, mchana husukuma chukudu yenye mizigo ya watu. Jioni hufanya visu. Hakuagizwa na mtu, wala si biashara yake. Apenda tu kuona chuma kisicho na sura kikipata sura. Alianza kwa kipande cha nondo, akakinoa siku tatu, na kisu hicho hakikuweza hata kukata kitunguu vizuri. Ndipo alipokwenda kwa mzee mmoja mhunzi, akamwamkia kwa adabu, akamwonyesha.

Mzee alikitazama akacheka kidogo. «Mwanangu, nondo kama hii ni laini, haishiki makali. Tafuta springi ya lori iliyovunjika. Chuma kile kimebeba mizigo miaka mingi, kikipinda kikirudi, kikipinda kikirudi. Hicho ni chuma cha pua.»

Basi kijana akaipata. Akafundishwa kuipasha moto mpaka iwe nyekundu, kisha kuifukia katika majivu ipoe polepole hadi asubuhi, ili ilegee na tupa ipate kuila. Akafundishwa kuchora mistari miwili kwenye ukingo utakaokuwa makali, na kuacha kati yake unene wa milimita 1 hivi; kwa maana ukingo mwembamba kupita kiasi hupinda au kupasuka utakapotiwa motoni. Halafu tupa: miguu imara, viwiko karibu na mbavu, mwili wote uende pamoja na mkono, kutoka shinani mwa kisu hadi nchani. Upande huu kidogo, upande ule kidogo. Kosa la kila mwanafunzi ni kukandamiza mahali pamoja, na yeye pia alikandamiza, hata ubapa ukawa na mawimbi kama ziwa lenye upepo. Mzee hakumgombeza. Alimwambia atazame mikwaruzo ya tupa juu ya chuma, kwa kuwa mikwaruzo haisemi uongo: huonyesha mahali mkono ulipopita na mahali ulipodhani kuwa umepita.

Baada ya majuma mawili umbo likapatikana. Wakawasha makaa. Chuma kilipokuwa chekundu hata sumaku ikakataa kukishika, mzee akakitumbukiza katika mafuta ya mawese yaliyopashwa kidogo. Kilipotoka, tupa iliteleza juu yake kama juu ya kioo. Lakini ugumu wa namna hiyo ni ugumu wa kioo kweli, kikianguka huvunjika. Hivyo kikasafishwa, kikarudishwa kwenye moto mpole, mpaka ikatokea rangi ya manjano hafifu, kama ya majani makavu. Hapo kikaachwa. Ilibaki kazi moja tu, kukitoa makali ya mwisho kwa kinoo na maji.

Kazi hiyo ya mwisho ni ya polepole kuliko zote, na kijana alikuwa amechoka kungoja. Rafiki yake alikuwa na mashine ya kunolea yenye gurudumu linalozungushwa na umeme. Akaiazima. Cheche zikaruka, akafurahi, akakandamiza. Kwa muda wa kupepesa jicho ukingo wa kisu, kuanzia nchani, ukapata rangi ya buluu, nzuri kama shingo ya njiwa. Hakujua maana yake, ila moyo wake ulishtuka. Akaifuta rangi hiyo kwa msasa, akakipigisha kisu hata kikang'aa, akakipeleka kwa mzee kama kitu kilichokamilika.

Mzee alichukua tupa, akaigusisha nchani. Tupa ikala chuma kama inavyokula nondo. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: «Rangi umeiondoa, mwanangu. Moto hukuuondoa.»

Wakatekumeni wapenzi, yafaa kusimama kidogo hapa. Chuma cha namna hii kilichokwisha kutiwa ugumu, kikipata joto kupita lile kilichowekewa, hupoteza ugumu wake. Rangi ya buluu ni habari tu, si ugonjwa wenyewe. Kufuta habari hakuponyi. Vivyo hivyo mtu aweza kufuta dalili za kosa lake mbele ya macho ya watu, akavaa nguo safi Jumapili, akaimba kwa sauti kuliko wote. Lakini jaribu la kwanza litakapomgusa, litamla. Na wako wanaonung'unika kwamba mafundisho ya Ubatizo ni marefu. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza wakatekumeni wa Afrika wangoje miaka 4. Hakupungukiwa na hamu ya kubatiza, ila alitaka watu wajaribiwe kwanza.

Kijana aliona haya, akataka kukitupa kisu ziwani. Mzee akamzuia. Zipo njia mbili tu, akasema: kuondoa chuma chote kilichoungua mpaka kufikia kilicho kizima, na kisu kibaki kidogo, au kurudi motoni na kuanza upya. Kijana akachagua moto. Mara hii alinoa kwa mkono, vidole vitupu juu ya ubapa ili vihisi joto kabla ya jicho kuliona, na ndoo ya maji kando yake. Apitisha mara moja, achovya. Apitisha tena, achovya. Pua na mdomo alivifunga kitambaa kizito tangu alipotumia mashine, kwa sababu vumbi la chuma na jiwe huingia kifuani na halitoki. Hilo pia wanafunzi hulidharau. Alipomaliza, kisu kilikata karatasi bila kuikwaruza.

Habari za kisu hicho zikaenea, na hapo ndipo jaribu lililo kubwa zaidi lilipomfikia.

Mugunga yajua makali ya chuma yaweza kufanya nini. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ambamo panga la shambani liligeuzwa kuwa silaha, wakimbizi wengi mno walipiga kambi hapo, na kambi hiyo haikuondoka mpaka Novemba 1996. Baadaye wakaja waliokimbia vita vya Kivu yenyewe, tena na tena. Nabii Isaya, katika sura ya 2, aona siku ambapo silaha za vita zitafuliwa kuwa majembe. Watu hulipenda neno hilo, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba siku hiyo atahitajika mhunzi, na kwamba mhunzi huyohuyo aweza kufua kinyume.

Usiku mmoja akaja mtu asiyejulikana. Alitaka kisu kirefu, chenye makali pande zote mbili na ncha nyembamba, na alitaja fedha ambazo chukudu haizileti kwa mwezi mzima. Kijana aliuliza: «Ndugu, ni cha kazi gani?» Yule mtu akamjibu kwamba mwenye kununua haulizwi.

Kijana aliijua Amri ya Tano. Alikuwa ameikariri juma lile lile. Alijua pia kwamba kisu cha jikoni chaweza kuua, na kwamba hawezi kufuata kila kisu mpaka nyumba kitakamolala. Tena dada yake alikuwa amerudishwa shuleni kwa kukosa karo. Akazitazama zile fedha muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye. Mwishowe akasema kwamba yeye ni mwanafunzi, na kisu cha makali mawili hakukifundishwa, wala hatajifunza. Mtu yule akamtazama, akaondoka bila kuaga.

Usiku huo kijana hakulala. Alisikiliza hatua za watu juu ya mawe ya barabarani. Asubuhi jirani yake mmoja, mama mwenye watoto, akabisha hodi na kisu butu cha kumenyea viazi, akiomba kama kuna nafasi. Kijana akamkaribisha, akaleta ndoo ya maji.