Wakati wa Kitenzi na Wajibu wa Msemaji

Kitenzi ni roho ya sentensi. Jina humtaja mtu. Kitenzi hueleza lililompata, na wakati wa kitenzi hueleza lini. Wanafunzi wengi huliona jambo hili kuwa ni mzigo wa mtihani tu. Mimi nadhani ni jambo la adili pia, maana achaguaye wakati wa kitenzi hutoa ushahidi.

Katika shule za sekondari za Shinyanga na Geita, ambako watoto wengi huanza na Kisukuma, hupitia Kiswahili, ndipo hukikuta Kiingereza, kosa moja hurudi mara kwa mara. Mwanafunzi hutaka kusema "amekufa", akaandika "he is died". Asili ya kosa hili yaeleweka. Kiambishi -me- cha Kiswahili hubeba mambo mawili pamoja: tendo lililokwisha na hali iliyobaki. Kiingereza huyatenga. "He died" ni tendo katika saa iliyopita. "He is dead" ni hali ya sasa, nayo huelezwa kwa kitenzi cha kuwa. "He has died" hulifunga tendo lililopita na siku ya leo. Mwalimu na asahihishe kosa, lakini aulize pia swali lililo nyuma yake: msemaji anajua nini, na amekijuaje?

Swali hilo si la ubaoni peke yake. Oktoba 2015 duara la wachimbaji wadogo wa dhahabu liliporomoka huko Nyangalata, wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, na watu wakabaki chini ya kifusi. Siku zikapita, wiki zikapita. Hebu msomaji ajiweke mahali pa jirani aliyeulizwa habari zao. Kama angalijibu "wamekufa", sarufi isingeona kosa lolote. Lakini katikati ya Novemba, baada ya siku 41, watu watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula mizizi na wadudu. Kitenzi kile kingalikuwa kimewazika watu wazima.

Yuko atakayesema kwamba matumaini yasiyo na kikomo ni ukatili, na kwamba jamaa wanahitaji neno la kuanua matanga. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa wako wachimbaji waliongojewa na hawakutoka tena. Lakini haki ya kulia si haki ya kushuhudia yasiyoonekana. Mtu aweza kulia huku akisema kweli, na Kiswahili kimempa chombo cha kufanyia hivyo: "hawajatoka". Kiambishi -ja- chakiri kwamba jambo halijawa hata sasa, wala hakiufungi mlango wa kesho. Kiingereza hupata maana hiyo kwa kusema "they have not come out yet", na neno dogo la mwisho ndilo linaloushika mlango usifungwe.

Basi atakaye kuzijua nyakati za Kiingereza asikariri majedwali tu. Ajiulize kwanza: nimeliona tendo, au naiona hali, au nangoja? Sarufi humfundisha mtu kusema sawasawa. Adili humzuia asiseme zaidi ya ajuayo. Penye mdomo wa shimo, mafundisho hayo mawili huwa fundisho moja.